Usimuulize Aliona Nini: Namna ya Kukaa na Mtoto Aliyekimbia Bunduki

Wiki iliyopita jirani yangu hapa mtaa wa Free Area, Nakuru, alinigongea mlango saa tatu usiku. Amepokea watoto watatu wa mdogo wake kutoka Baringo Kusini. Mifugo imechukuliwa, nyumba imetiwa moto, mama yao amebaki Marigat na mtoto mchanga. Mkubwa na mdogo wamekula wakalala. Wa katikati, mvulana wa miaka saba, yuko chini ya meza tangu adhuhuri na hatoki.

"Mwalimu, nimwambie nini?"

Nilimwambia asimwambie kitu. Apike uji, aweke kikombe pale mkono wa mtoto unapofika, kisha aketi sakafuni kando ya meza na kazi yake ya mkono, hata kama ni kuchambua maharagwe. Asimvute. Asimchungulie kila dakika. Akisinzia, amtandikie hapohapo.

Asubuhi nikaona afadhali niyaandike haya yote mahali pamoja, maana swali hilo nimeulizwa tangu 2008 na nimechoka kulijibu mlangoni nikiwa na gauni la kulalia.

Mimi si daktari. Nimefundisha nasari miaka mingi hapa Nakuru, na kazi hii nilijifunza kwa kuikosea. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliofukuzwa Molo, Kuresoi, Burnt Forest na kwingineko walijaa Showground, uwanja wetu wa maonyesho ya kilimo. Mwishoni mwa Januari moto ukawaka hapa mjini kwenyewe, mahema yakazidi. Kufikia siku Kofi Annan alipowapatanisha wakubwa wa siasa, Kibaki na Raila, tarehe 28 Februari 2008, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa nchini, na sisi walimu wa kujitolea tulikuwa na watoto chini ya turubai ambao hakuna aliyetufundisha namna ya kuwashika. Tangu hapo nimekaa na watoto wa Mlima Elgon, na wa familia za Sudan Kusini zilizopanga vyumba mitaani kwetu baada ya vita vya Desemba 2013, na sasa hawa wa Baringo. Lugha zao mbalimbali, lakini nitakayosema hapa nimeyaona kwa wote.

Kosa langu, ili usilirudie

Siku ya tatu pale Showground niliwakusanya watoto kama arobaini, nikawakalisha duara, nikawataka kila mmoja aseme aliyoyaona ili atoe mzigo moyoni. Nilijiona nafanya jambo la maana sana. Wa kwanza alisema kidogo. Wa pili akaongeza. Tulipofika wa saba, mtoto alikuwa anasimulia kama anayesoma kitabu darasani, macho makavu, na wale ambao hawakuwa wameona chochote sasa walikuwa wameona kila kitu kupitia kwake. Usiku ule safu nzima ya mahema haikulala. Asubuhi mama mmoja alinijia, leso kaifunga kiunoni, akaniuliza, "Mwalimu, umewafanya nini watoto wetu jana?" Nilimwomba radhi. Hakujibu, na sikumlaumu.

Miaka baadaye, kwenye mafunzo, ndipo nilipojua kwamba hata Shirika la Afya Duniani halishauri kabisa kumkalisha mtu kikao kimoja baada ya janga na kumtaka atapike yote. Haimponyi, na wengine huwaumiza zaidi.

Wala si mimi peke yangu. Walikuja wageni wenye krayoni na kamera. "Chora ulichokiona." Mtoto akachora, mgeni akapiga picha, gari likaondoka, mtoto akabaki pale na alichokichora. Kama hutakuwepo kesho na kesho kutwa, usikifungue kidonda cha mtu.

Lakini kutomuuliza si kumnyamazisha. Akianza kusema mwenyewe, na mara nyingi ataanza wakati usiofaa kabisa, mafuta yakiwa jikoni au mko ndani ya matatu, mpe masikio. Epua sufuria. Zima redio. Usimkatize kwa "nyamaza, yamekwisha", wala usimchimbe: walikuwa wangapi, walivaa nini, nani alipigwa kwanza. Mrudishie neno lake tu. "Mlijificha kwenye mahindi." "Uliogopa." Akinyamaza, nyamaza naye. Akimaliza, mrudishe hapa mlipo kwa jambo dogo: "Sasa uko kwa anti. Nisaidie kusukuma chapati."

Siku za kwanza

Wanaofundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia huifupisha kwa maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Ni mazuri, ila ukiyaleta nyumbani yanataka tafsiri.

Kuangalia ni kuanza na mwili. Ana jeraha? Amekunywa maji? Ana viatu? Ameenda choo tangu afike, au anaogopa kwenda kwa sababu choo kiko nje na ni giza? Nimeona watu wakizungumzia roho ya mtoto ambaye shida yake kubwa saa hiyo ni mkojo. Angalia pia nani wa kwake yuko karibu. Ndugu wasitenganishwe. Niliwahi kuona watoto watatu wakigawanywa nyumba tatu "ili wasibanane", na wote watatu wakakataa chakula. Acha wabanane.

Kusikiliza nimeshakusema.

Kuunganisha ni simu. Mtoto anayejua mama yake yuko hai na anaisikia sauti yake kila jioni saa moja ameshapata nusu ya dawa. Chaji ya simu na salio la kupigia Marigat ni matibabu, yatieni kwenye bajeti pamoja na unga. Kama mama analia kwenye simu, mwambie kwanza wewe uzungumze naye kando, kisha mtoto.

Na tafadhali chunga ahadi zako. Usimwambie "hawatakuja tena kamwe" wala "tutarudi nyumbani Jumapili". Hujui, na mtoto anajua kwamba hujui. Sema unachoweza kukionyesha kwa kidole: "Mlango huu umefungwa na komeo. Mimi nalala hapa. Kukicha tunampigia mama."

Ikitokea ameanza kutetemeka, au anapumua kama mtu aliyepanda mlima, kumwambia "tulia" ni kupoteza pumzi yako. Chukua kikombe cha uji, na kama hakuna uji chukua kikombe kitupu mjifanye uji upo. Mwambie aunuse polepole kwa pua, wewe ukihesabu moja, mbili, tatu. Kisha aupulize upoe, polepole sana usimwagike, ukihesabu hadi tano. Anuse tena, apulize tena, mara sita au saba. Puliza naye, maana atakifuata kifua chako kabla ya maneno yako. Halafu mwombe vitu vya humu ndani: "Nitafutie vitu vitano vyekundu." Kwa jirani yangu vilipatikana beseni, kandambili moja, nyanya mbili na tarehe ya Jumapili kwenye kalenda ya duka. Alipofika kwenye kalenda mkono wake ulikuwa umetoka chini ya meza.

Siku iwe na umbo

Mkinishika koo niseme jambo moja tu, nitasema ratiba. Aliyekimbia usiku huku nyumba inaungua amenyang'anywa kitu ambacho sisi wakubwa hatukioni: kujua kinachofuata. Kabla ya hapo alijua kwamba baada ya uji ni shule, baada ya shule ni ng'ombe, baada ya ng'ombe ni ugali. Mrudishie hicho kwanza. Maneno yatakuja nyuma yake, au hayatakuja, na bado atapona.

Sikulibuni mimi. Baada ya lile duara langu, bibi mmoja aliyetoka upande wa Molo, sote tukimwita Shosho, alinivuta kando akaniambia, "Mwalimu, hebu achana na mioyo yao kidogo. Waamshe uwape kazi." Yeye ndiye aliyeanza kugonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko saa mbili asubuhi. Kifuniko kikigongwa ni uji. Saa tatu kuhesabu na kuimba. Saa sita na nusu kulala mkekani, kila mtoto mahali pake palepale pa jana. Saa nane mchezo. Saa kumi kufagia mbele ya hema, hata kama hapana taka. Saa kumi na mbili hadithi, kisha kwa mama. Wiki ya pili watoto walianza kufika kabla ya kifuniko kugongwa, na mmoja alinigombeza kwa kuchelewa dakika chache.

Nyumbani huhitaji kifuniko. Mpe kikombe chake asichokishika mwingine. Mpe msumari ukutani wa kutundika sweta yake. Mpe kazi ndogo ambayo isipofanywa itaonekana: maji ya kuku, kuwasha taa, kuhesabu vijiko. Mabadiliko yatangulize kwa maneno: "Kesho mchana sipo, nitarudi saa kumi." Kisha rudi saa kumi. Ukichelewa, piga simu, hata kama mtoto ni wa miaka minne.

Na zile video. Kila ghasia siku hizi zina video, na simu ya baba mkubwa inalia mezani huku watoto wanakula. Zima. Mazungumzo ya nani kauawa na nani kalipiza yapelekeni nje, mbali, kwa sababu watoto husikia hata kwa migongo. Mtoto mdogo akiiona nyumba ileile ikiungua kwenye simu mara nne, kwake zimeungua nyumba nne.

Mchezo, pamoja na ule unaotisha

Mpira wa makaratasi na nailoni ukifungwa kwa kamba unatosha kwa mchezo wa kati. Blada, bano, kora, brikicho kwa wale wanaovumilia kujificha (uliza kwanza, kwa wengine kujificha si mchezo tena). Cha mama na cha baba utauona ukirudi wenyewe, na siku watakapopikiana matope kwenye visoda, furahi kimyakimya.

Unapogawa timu usiwaache wachaguane. Watachaguana kwa majina na lugha, kama walivyowaona wakubwa. Gawa kwa rangi ya nguo, au kwa kuhesabu moja-mbili-moja-mbili.

Sasa ule unaotisha. Pale Showground watoto walicheza vizuizi vya barabarani. Walipanga mawe na matawi, mmoja akashika kijiti, akawasimamisha wenzake na kuwauliza jina na lugha ya kwao. Aliyejibu vibaya alilazwa chini, amekufa. Mhubiri mmoja aliyepita alitaka wachapwe. Nilimzuia, si kwa hekima, ila kwa sababu fimbo hakuwa nayo na sikutaka atafute. Mtoto hucheza kile kinachomsumbua ili akipindue huku na huku akijue. Ukiona mchezo unabadilika wenyewe, leo wanakufa, kesho wanakimbia, kesho kutwa wanawashinda walinzi, uache. Ukiona ni uleule kila siku, nyuso zimekazana na hakuna anayecheka, ingia ndani ya mchezo kwa mlango mdogo. Mimi nilikuja nikiendesha beseni nikauliza, "Ambulensi inapita wapi?" Wakatazamana. Mwenye kijiti akafikiri, akatoa jiwe moja barabarani. Kesho yake kila mtu alitaka kuwa dereva, na maiti walikuwa wanaamka kupigwa sindano.

Jioni tega vitendawili. Ni dawa ambayo tunayo bure: mtoto anajua kwamba ukisema "kitendawili" yeye anasema "tega", na hilo halibadiliki hata dunia ipinduke. Kulikuwa na mvulana tuliyemwita Sweta, maana sweta yake ya kijani hakuivua hata kwa jua la saa nane. Hakuwa amesema neno tangu aletwe. Kila siku alichora nyumba ileile, kuta na mabati, bila mlango. Sikumuuliza, nilikuwa nimeshajifunza. Jioni moja natega vile vya kawaida, na bila kufikiri nikasema, "Nyumba yangu haina mlango." Nilipojisikia nilitamani kuyameza maneno. Kimya. Kisha kutoka nyuma ikaja sauti inayokwaruza kama bawaba kavu: "Yai."

Nami nikakosea tena. Nilipiga kelele, nikamkumbatia, nikamwita mama yake, hema zima likapiga makofi. Akanyamaza siku nne nyingine. Siku ya tano alipojibu nilisema tu, "Sawa. Nani mwingine ana jibu?" nikaendelea kutega. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtoto aliyefunga mdomo akifungua, mpokee kama mtu aliyetoka dukani.

Usiku

Mtoto wa miaka tisa aliyeacha kukojoa kitandani zamani ataanza tena. Karibu kila nyumba niliyoingia walikuwa wanaficha hili, na karibu kila nyumba kulikuwa na kofi. Kofi huongeza mkojo. Usimwaibishe kwa kuanika godoro mbele ya wapangaji wengine, wala usimwambie ndugu zake. Mpunguzie vinywaji kuanzia jioni, mpeleke choo kabla ya kulala na umsindikize na tochi, tandika karatasi ya nailoni chini ya shuka, na asubuhi mkunje shuka pamoja bila hotuba. Akiamka mkavu, mchoree alama ndogo kwenye kalenda. Siku aliyolowa usichore kitu, basi. Ikiendelea miezi, au kama mkojo unamchoma, mpeleke zahanati kwanza wamwangalie kama ana maradhi mengine.

Ndoto mbaya: usimwamshe kwa kumtikisa. Ita jina lake, washa taa, mwambie yuko wapi na wewe ni nani. Mpe maji. Asilazimishwe kusimulia ndoto.

Usinunue vidonge vya usingizi kwa kemisti, wala usimpe dawa ya mafua ili asinzie. Najua inafanywa. Inamlaza mwili tu, na vidonge vya kutuliza wasiwasi havifai kupewa mtoto kwa mshtuko wa namna hii.

Zijue kelele za mji wako. Hapa Nakuru fataki hulipuka Diwali na usiku wa mwaka mpya. Mvua ya mawe juu ya mabati husikika kama mawe ya watu. Boda boda yenye ekzosi iliyotobolewa ni bunduki kamili. Jirani akichoma taka za plastiki jioni, ile harufu humrudisha mtoto kule alikotoka. Huwezi kuuzima mji, ila unaweza kumtangulia: "Leo usiku kutakuwa na fataki. Ni za sherehe. Tutaziba masikio pamoja, na ukitaka tutalala chumba kimoja."

Kama kuna aliyekufa

Usiseme amesafiri. Mtoto atamngoja barabarani, na siku atakapojua hatakuamini tena hata ukisema uji ni moto. Usiseme amelala, nimemwona mtoto akikataa kufumba macho wiki nzima kwa sababu hiyo. Sema, "Baba amekufa. Mwili wake haupumui, hausikii maumivu. Hatarudi. Si kosa lako." Hiyo ya mwisho usiisahau, kwa maana watoto wengi huamini mtu alikufa kwa kuwa wao walilia, au waliomba soda, au walirudi kuchukua kiatu. Aulizwe kama anataka kwenda mazishini, asilazimishwe, na akienda awe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kumshika mkono yeye tu. Atauliza swali lilelile mara ishirini. Mjibu mara ishirini kwa maneno yaleyale.

Imani msaidieni kwayo, sala ya jioni ni ratiba nzuri kuliko zote. Ila mtoto wa miaka kumi anayepiga kelele usiku msimfungishe chakula kwa madai ya pepo. Na mambo ya kusamehe mwacheni kwanza akue.

Mama

Hapa ndipo watu huruka, na ndipo nusu ya kazi ilipo. Mtoto humtazama mtu mzima wake usoni ili ajue kama hatari imekwisha. Mama asiyelala, asiyekula, anayefoka kwa kijiko kilichoanguka, atamrudisha mtoto kule kila siku. Simlaumu. Yeye pia alikimbia.

Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mtoto, wakati mwingine mpokee mama mtoto wake mchanga kwa muda wa saa mbili ili alale. Peleka kuni. Nenda naye chamani, aketi nyuma tu anywe chai. Ukimkuta amempiga mtoto, usimhutubie mbele ya watoto, msubiri atulie, umwambie, "Mama, najua. Jaribu kutoka nje uvute pumzi kwanza, mimi nitakaa nao." Na baba pia. Wanaume wa kambini walikuwa wakitoweka kwa chang'aa kwa sababu hawakuwa na la kufanya mchana kutwa. Waliopewa kazi ya kuchimba mitaro ya maji ya mvua walirudi jioni wana maneno ya kuwaambia watoto wao.

Shule

Mrudishe mapema, hata bila sare, hata kama atakaa tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kilichoungua kisiwe sababu ya kumrudisha langoni. Nenda kwa chifu upate barua, uanze kufuatilia cheti huku mtoto yuko darasani.

Mwone mwalimu wa darasa siku moja kabla, mkiwa wawili tu. Usimpe hadithi yote, mpe yanayomhusu: akae karibu na mlango au na ukuta, si katikati, aambiwe kabla ya kengele, asishikwe kwa nyuma, akitaka kutoka aruhusiwe bila maswali, na pawe na mtu mmoja wa kumwendea. Asitangazwe gwaride kuwa "mgeni wetu kutoka kwenye vita". Alama zitashuka, kwa maana kichwa chake kinalinda mlango saa zote. Zitarudi.

Hawa wakubwa, wa miaka kumi na nne hadi kumi na saba, watakudanganya kwamba wako sawa. Wengine huwa wakali, wengine hutafuta bangi, na mitaani kuna watu wanaowangoja vijana wenye hasira wawape panga. Wavulana wakiambiwa "mwanamume halii", hasira ndiyo inayobaki. Wasichana hugeuzwa mama wa nyumba siku moja, wakasahaulika. Wape kazi yenye heshima na wenzao wa rika: kuandika rejista, kufundisha wadogo kusoma, kuwa refa. Na waulize maoni yao kabla ya kuamua lolote linalowahusu.

Lini umpeleke kwa wataalamu

Watoto wengi, wakipata usalama, watu wao na siku yenye umbo, hutulia baada ya wiki kadhaa. Ukiona mwezi umepita na bado hali, halali, hachezi, au anarudi nyuma badala ya kwenda mbele, usingoje. Hapa Nakuru nenda hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo bado tunaiita PGH, uulize kliniki ya afya ya akili. Walio Kisumu waulize Jaramogi Oginga Odinga, tuliyoizoea kwa jina la Russia. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kukuandikia barua ya rufaa. Lakini mtoto akisema anataka kufa, au akijiumiza, au akiona na kusikia visivyokuwepo, ni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake hata chooni.

Kama aliguswa kwa ubaya, nenda hospitali kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wake. Zikipita, nenda vilevile. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Usimhoji, na usikubali wazee wakae wayamalize kwa mbuzi.

Simu ya watoto ni 116, bure, mchana na usiku, na si ya watoto tu. Mimi huipiga nikikwama.

Ukimpata mtoto asiye na mtu wake, usimchukue kimya hata kama moyo wako ni mzuri. Andika jina analojiita, nguo alizovaa, mahali na saa ulipompata, na aliyekuwa naye. Peleka kwa chifu na ofisi ya watoto, na kwa Msalaba Mwekundu, ambao wana kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana. Picha yake usiitume kwenye magrupu ya WhatsApp. Unayemtafuta ni mama yake, lakini kwenye grupu wamo na wengine.

Jana nilipita kwa jirani. Amesogeza meza ukutani akaipa kitambaa kinachofika chini, na ndani ametandika mkeka. Kijana bado anaingia jioni jua likishuka. Sasa anaingia na kikombe chake, na amemruhusu mdogo wake aingie, mradi agonge kwanza.